Mshika Mbili

Katika miaka yote niliyofundisha Kiswahili, methali ya "Mshika mbili moja humponyoka" niliipa dakika tano tu za ubao. Wanafunzi waliinakili, wakaitungia insha, tukaendelea na nyingine. Mwaka jana nilimtupia binti wa mdogo wangu methali hiyo hiyo, naye akanirudishia.

Binti huyo anaishi nasi hapa Morogoro. Yuko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga, na wakati huo, jioni tatu kwa juma pamoja na Jumamosi, alifanya kazi katika duka la kutoa nakala. Mwenyewe huiita kibarua. Neno hilo, kama wajuavyo wasomaji wa hapa, ni barua iliyodogoshwa: kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, hata jina la kikaratasi likamhamia mtu, na kutoka kwa mtu likaihamia kazi.

Taabu haikuwa wingi wa kazi bali ratiba. Wodini zamu hugeuka: juma hili asubuhi, juma lijalo usiku. Dukani siku hazigeuki. Jioni ya duka ikipokewa na usiku wa zamu, kinacholiwa ni usingizi. Mara mbili nilimwona akisinzia mbele ya sahani ya ugali, tonge bado li mkononi. Mara ya tatu alikiri kwamba alfajiri ile, akijaza chati, aliandika joto la mgonjwa mmoja katika chati ya mwingine. Muuguzi wa zamu aliliona kabla halijaleta madhara. Ndipo nilipomtupia methali.

Hakukasirika. "Baba mkubwa," alisema, "mimi sijashika mbili. Nimeshika moja. Hiyo ya pili ndiyo kamba niliyoifungia hiyo moja."

Kisha akanitajia alivyonunua kwa ujira wa kibarua: saa yenye mshale wa sekunde, kwani mapigo ya moyo hayahesabiwi kwa kukisia, viatu vya wodini, nauli ya daladala ya kila siku. Vyote hivyo nilidhani vimo katika ada niliyolipa. Mwalimu mzima, nimezeeka nikisahihisha majibu, na swali lenyewe sikuwahi kuliuliza.

Tukakaa na kalamu. Nauli nikaibeba mimi kwenye pensheni. Yeye akamwomba mwenye duka abaki na Jumamosi peke yake. Alikubali shingo upande. Fedha zimepungua, na majuma ya zamu ya usiku bado yanamwelemea.

Jioni moja nilimweleza ajabu ya kitenzi chake. Pungua huzaa punguza, ungua huzaa unguza. Kwa kanuni hiyo kuuguza kungekuwa kumtia mtu ugonjwa, lakini lugha imeamua kuwa ni kumtunza. Akacheka, akasema siku ile ya chati nusura airudishe kanuni mahali pake.

Akaniomba mkono afanye mazoezi. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Yeye akakazia macho mshale. Mimi, kwa mazoea ya watunzi, nikaanza kuhesabu mizani: nane, kina cha kati, nane, kina cha mwisho.

"Baba mkubwa, tafadhali, unahesabu kwa sauti," akasema, akaanza upya.