Theluji ya Aprili katika Mlima Toubkal

Katika dua ya kufungulia swala wengi wetu humwomba Mola atuoshe makosa yetu kwa maji, theluji na mvua ya mawe. Maji twayajua. Theluji sisi watu wa pwani twaitaja kila siku pasi na kuiona. Mwenye kutaka kuiona katika nchi ya Kiislamu barani mwetu, mlima mashuhuri ni Toubkal wa Moroko, wenye kimo cha mita 4,167, mrefu kuliko yote ya Afrika ya Kaskazini. Vijana wetu wanaokwenda kusoma nchi ile huvutiwa nao, na aghalabu mama hupigiwa simu kuombwa radhi safari ikiwa imekwisha pangwa. Basi ni vyema mama ajue la kuuliza.

Aanze na njia. Kutoka Marrakech hadi kijiji cha Imlil ni kilomita 65 hivi, kupitia mji mdogo wa Asni. Baada ya Asni barabara hupanda bondeni, jabali upande mmoja na mto upande wa pili. Tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023, lililoua watu zaidi ya 2,900, lilipiga milima hii hii, Mwenyezi Mungu awarehemu. Na kila mwaka, kuanzia Machi hadi Mei, mvua na theluji inayoyeyuka hulegeza mawe yakaporomokea njiani. Ramani ya simu haiyaoni mawe hayo. Ayaonaye ni dereva aliyepita asubuhi hiyo.

Imlil yenyewe, kwenye mita 1,740, ni mahali pa kupendeza. Mwezi wa Aprili mitufaha huwa na maua, na mabaghala hupita na mizigo ya wageni. Tangu mwisho wa mwaka 2018 askari hawamruhusu mtu kupanda bila kiongozi mwenye kibali. Njiani kuna ziara ya Sidi Chamharouch, ambaye wenyeji humwita sultani wa majini. Wenye vitabu vya zamani hapa kwetu wanalijua jina hilo, nami sina la kuongeza. Kisha huja nyumba ya kulala wapandaji, kwenye mita 3,207. Juu ya hapo, Aprili, ni theluji.

Nilifika hapo pamoja na mpwa wangu anayesoma huko. Usiku ule mbingu ilifunikwa na mawingu. Saa kumi usiku kiongozi wetu, Mwamazighi wa makamo, alitoka nje, akachomeka fimbo yake ardhini, ikazama hadi nusu. Akarudi akasema hatupandi. Mpwa wangu akaonyesha simu: "Mjomba, hapa imeandikwa kutakuwa na jua."

Jua ndilo lililokuwa tatizo. Theluji ya majira haya huyeyuka mchana na kuganda usiku. Usiku ukiwa mweupe, joto la ardhi hupanda likapotea angani, na alfajiri theluji huwa ngumu kama sakafu. Mtu hufunga vyuma vya meno chini ya viatu, akashika shoka dogo la barafu, akapanda salama. Mawingu yakitanda hulizuia joto kama blanketi, na theluji haigandi. Jua likishaipiga, miguu huzama hadi magotini, na miteremkoni theluji huweza kuteleza yote kwa pamoja. Nayo mito midogo inayorukwa asubuhi hufurika alasiri. Kwa hiyo swali si "kutakuwa na jua?" bali "jana usiku iliganda?"

Nilimwambia mpwa wangu kuwa habari nayo ina sanad. Kilichoandikwa kwenye simu kimetoka mbali, na mwandishi wake hakuugusa mlima. Aliyeshuka jana ana nguvu zaidi, na mwenye fimbo iliyozama sasa hivi hana mpinzani. Alinuna, kama vijana wanunavyo, akalala tena.

Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akielekea Kilwa, alikaa siku 40 hivi nje ya Kunduz, katika Afghanistan ya leo, akilisha wanyama wake na kungoja joto lishike, kwa kuiogopa theluji ya Hindu Kush. Alipovuka alitoka mwisho wa usiku, wakitandika mablanketi ya sufi mbele ya ngamia wasididimie. Sisi tulingoja siku moja tu.

Usiku wa pili nyota zilijaa. Fimbo iligonga juu ya theluji kama juu ya jiwe. Magoti yangu yalinibakiza nyumbani, nao wakatoka saa kumi. Alfajiri waliswali njiani, wakiwa wamepaka maji juu ya khofu zao, ruhusa ambayo msafiri anayo kwa siku tatu na usiku wake. Saa tano kasoro walikuwa wamerudi.

Tulipokuwa tukishuka, vijana watatu wa Kihispania waliokuwa wakipanda walitusimamisha wakauliza hali ya juu. Mpwa wangu aliwajibu mwenyewe: iliganda vizuri usiku wa kuamkia leo, ilianza kulainika saa tatu na nusu, na kijito cha chini ya nyumba kivukwe kabla ya adhuhuri. Kisha akawauliza kama barabara ya Asni i wazi.