Saiba ya Mwalimu

Mpwa wangu amekosa usaili kwa sababu barua ya mwito ilikuja kama kiambatisho kisichofunguka kwenye simu yake. Aliibonyeza, ikakataa, akaifuta. "Mjomba, faili ilikuwa imeharibika," akaniambia, na kwake habari ikaishia hapo. Nilipomuuliza jina la faili liliishia na herufi gani, hakuwa ametazama. Na amelelewa Matinyani hii hii, ambako sisi tulifundishwa kutazama.

Palikuwa na saiba sokoni, chumba kimoja nyuma ya duka la ndengu. Mlangoni ulipokewa na harufu ya wino wa printa uliopata moto, vumbi la ndengu, na petroli ya jenereta, maana stima ilipotea bila taarifa. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu na wote tulimwita Mwalimu. Hakukubali useme tu "imekataa". Alitaka umsomee kilichoandikwa kwenye kioo, neno kwa neno, ndipo asogeze kiti.

Office 2007 ilianza kuuzwa kwa umma Januari mwaka huo, kwa hiyo yaliyonipata yalikuwa 2008 au 2009; si hoja. Shirika moja la Nairobi lilinitumia fomu ya kazi yenye mkia wa docx, na kompyuta za Mwalimu zilikuwa na Office 2003. Tukaifungua, kioo kikajaa alama zisizosomeka. Jirani yangu kwenye benchi akasema ni virusi.

Mwalimu kwanza alilinganisha ukubwa: kilobaiti zilizotajwa kwenye barua pepe na zile zilizofika kwenye kompyuta, kwa kuwa intaneti yetu ya kusuasua mara nyingi ilileta nusu ya faili. Zililingana. Kisha akaifungua kwa Notepad na kuweka kidole kwenye herufi mbili za kwanza: PK. Ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni zip. "Hili ni gunia," akasema. "Maneno yako yamo ndani, mazima." Docx ni mafaili kadhaa yaliyofungwa pamoja kwa zip, PDF nayo huanza na alama ya asilimia ikifuatwa na jina lake. Microsoft ilitoa bure programu ya kuiwezesha Office ya zamani kusoma docx, lakini kwa kasi yetu tungeisubiri hadi jioni. Akampigia rafiki yake mjini Kitui, ikaja kwenye flashi kwa matatu ya mchana. Fomu ikafunguka, nikaijaza palepale.

Mwalimu amefariki. Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009, simu zikaingia kila mfuko, na saiba zilizobaki zinaishi kwa kodi za KRA na huduma za serikali za eCitizen. Ukipeleka picha ya HEIC, ambayo iPhone hupiga tangu 2017, unaambiwa kapige nyingine. Hakuna anayekwambia kwamba inabadilishwa kuwa JPEG kwa dakika moja. Hili linaniudhi sana, kwa sababu ujuzi ule haukuwa wa gharama yoyote.

Nanyi mnaoajiri, tumeni barua zenu kwa PDF, na yaliyo muhimu, yaani tarehe, saa na mahali, yaandikeni pia ndani ya barua pepe yenyewe. Na wewe unayeipokea, usifute kabla ya kumwandikia aliyeituma akutumie upya.