Nyanya Tatu

Nilishuka Garissa na boksi la nyanya ndogo, zile za saizi ya gololi. Kilomita kama 370 kutoka Nairobi nimelipakata mapajani, na bado joto lilikuwa limepondaponda kadhaa.

Daktari alikuwa ameniandikia orodha ya vya kuacha: maziwa, vitunguu, saumu, ngano, maharagwe, maembe. Ni mlo wa FODMAP kidogo, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Vyakula hivyo vina sukari ambazo matumbo kama yangu hayazivumilii. Zinavuta maji ndani ya utumbo, halafu bakteria wanazichachusha, unajaa gesi mpaka unashindwa kufunga zipu. Unaviacha wiki chache, kisha unarudisha kimoja kimoja ujue mbaya wako nani. Hata nyanya daktari alinipa kipimo, kwa sababu ya fruktosi: ndogo tatu kwa mlo mmoja. Basi.

Sasa jaribu kuyaeleza hayo nyumbani. Bariis yetu inaanza na kitunguu. Chai ni maziwa ya ngamia. Na sinia ni moja, mikono yote ndani. Anayekula kwa sahani yake ni mgonjwa au amekasirika.

Siku ya kwanza nilikaa pembeni na nyama ya mbuzi na nyanya zangu tatu. Shangazi wakacheka, wakasema nataka kukonda kama wasichana wa Nairobi. Ayeeyo hakucheka. Usiku aliniuliza polepole, “Tumekukosea nini?”

Hapo ndipo nikasema nilichokuwa naona aibu kukisema. Kwamba natoka darasani mbio. Kwamba kabla ya kupanda basi sili kitu. Kwamba ni miaka minne sasa.

“Minne,” akarudia. “Na ulikuwa unakula chakula changu ukinyamaza?”

“Ndiyo, Ayeeyo.”

Kesho yake niliona sufuria ndogo kando ya ile kubwa: mchele, bizari nyembamba, iliki, chumvi. Hakuna kitunguu. Aliumwaga wali huo kwenye sinia lile lile, upande wangu, akaweka ndizi katikati kama mpaka.

“Mkono wa mtu usivuke hapa,” akawaambia.

Kisha akafungua boksi langu. “Tatu, sivyo?”

Akanihesabia tatu. Ya nne akaila yeye.