Neno "Haikutambulika"

Mwaka 1948 Jeshi la Anga la Marekani lilimwita mwanafalaki J. Allen Hynek apambanue habari za visahani virukavyo. Mwaka 1966, alipotaja gesi ya kinamasi kuwa chanzo cha mianga ya Michigan, alichekwa nchi nzima. Mradi wa Blue Book ulifungwa mwaka 1969. Majalada yake, yaliyokwisha kuondolewa siri, yana taarifa 12,618. Kati yake 701 zimeandikwa: haikutambulika.

Wapo wanaolisoma neno hilo kama ushahidi wa wageni wa sayari nyingine; wapo wanaoliona uzembe. Lenyewe halisemi hili wala lile. Lasema elimu ilifika ukingoni, ikasimama. Gesi ilikuwa jibu, likamletea mwanachuoni kejeli. Heshima yake imo katika mistari aliyoiacha bila jibu.