Meza Yetu ya Haldon Street



Afikaye Lakemba usiku wa Ramadhani hupokewa kwanza na moshi. Jua likishatua, Haldon Street hujaa majiko na meza za wenzetu wa Lebanon, Bangladesh na Indonesia. Nasi tulitamani kuuza sambusa na mishkaki yetu hapo, si mbali na msikiti wa Wangee Road.

Mtaji ndio uliotukwaza. Benki ilikuwa tayari kutukopesha, lakini kwa riba. Tulijadiliana hadi usiku wa manane, na wapo miongoni mwetu walioona kuwa dharura yaruhusu. Mwishowe tuliurudia upatu wa mama zetu: kaya 10, dola 200 kila wiki, na zamu ya kwanza tukapewa sisi.

Namba ya biashara, ABN, hutolewa bure. Nayo kodi ya GST haimlazimu ambaye mauzo yake hayafiki dola 75,000 kwa mwaka. Kilichotuchosha ni jiko. Halmashauri hukagua, na kwa vyakula vya nyama kama vyetu sharti awepo mwenye cheti cha usimamizi wa usalama wa chakula, nacho hudumu miaka 5 tu.

Usiku wa kwanza sambusa ziliisha kabla ya Tarawehe. Nusu ya mishkaki ilibaki, kwani tuliipandisha bei mno (tamaa!), tukaila wenyewe wakati wa daku. Upatu twaendelea kuulipa. Zimebaki zamu 3.