Lamia katika Lavington: Tafakuri ya Mhakiki juu ya Kimelea na Kiti Chake

Mhakiki aghalabu huandika kuhusu makosa ya wengine. Makala haya yanahusu kosa langu mwenyewe, nililolitenda nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, barazani pa nyumba ninayopanga Lavington, si mbali na Barabara ya Gitanga. Nilikuwa mmoja wa wasomaji watatu waliopewa kazi ya kuteua hadithi fupi za wanafunzi wa uzamili kwa ajili ya mkusanyiko. Mojawapo ilihusu viumbe kutoka sayari nyingine. Nilipoimaliza niliandika pambizoni maneno matatu: “Haya si yetu.” Nakusudia kueleza ni kwa nini maneno hayo hayakuwa ya kweli, na ni kwa nini mimi, kuliko wasomaji wenzangu wawili, nilipaswa kulijua hilo.

Viumbe wa hadithi hiyo wanaitwa Walamia. Hawana miili yao wenyewe. Humwingia mtu aliyelala, wakamea ndani yake kama kimelea kimeavyo juu ya mti, na mwenyeji wao hafi. Anaendelea kwenda kazini, kula na kusali, ila hashibi. Na kila anaporudi nyumbani huyavua macho yake akayatia katika chombo kilichopo sebuleni. Wanaozitambua dalili hizo kwanza ni wanawake wanaotoka Kawangware alfajiri kwa miguu kuja kufua na kupika Lavington, kwa sababu wao ndio wanaopangusa vumbi na kukutana na macho ya waajiri wao juu ya kabati.

Chimbuko la viumbe hawa halifichiki. Lamia wa Wayunani alikuwa malkia aliyependwa na Zeus. Hera, kwa wivu, akamwangamizia watoto wake, naye kwa uchungu akageuka kuwa mla watoto wa wenzake. Habari za macho nazo ni za kale: Plutarch anasimulia kwamba Lamia akiwa nyumbani hulala kipofu, macho yake yakiwa chomboni, na huyavaa anapotoka nje. Plutarch aliutumia mfano huo kuwasema watu wanaoziona aibu za majirani bila kuziona zao. Sisi tuna nyani asiyeona kundule.

Pingamizi langu, kama nilivyojieleza wakati huo, lilikuwa la kitaaluma. Niliona kwamba mwandishi ameazima kiumbe cha Kiyunani, akakivisha vazi la filamu za kizungu za aina ya Alien (1979), kisha akakiteremsha Nairobi bila kibali cha fasihi yetu. Lakini kwa miaka kadhaa nimefundisha Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi ya tamthilia ya Sophocles iliyochapishwa mwaka 1971, na sijapata kumwambia mwanafunzi yeyote kwamba Edipode si wetu. Ni dhahiri kwamba Uyunani haukuwa tatizo. Yamkini nilikerwa na ile sebule.

Tuanze na lugha yenyewe. Neno ambalo Wazungu hulitumia kwa kimelea limetokana na Kiyunani parasitos, yaani mtu alaye kando ya mwingine. Hapo awali liliwataja washiriki wa karamu za hekaluni, kisha katika tamthilia za kuchekesha likawa jina la mhusika anayefika kwa watu saa za chakula bila kualikwa. Kiswahili kina jina la mtu huyo tangu zamani: mdoezi. Wayunani walikuwa pia na neno xenos, lililomaanisha mtu wa nchi nyingine na wakati huohuo mtu anayestahili kukirimiwa. Sisi tunasema mgeni, na maana zote mbili zimo. Hata mwanabiolojia anapoandika kwa Kiswahili, kiumbe kinachonyonywa na kimelea hukiita mwenyeji. Kwa hiyo hadithi ya kimelea kutoka nje ya dunia, ikisimuliwa kwa Kiswahili, haiwezi kukwepa suala la ukarimu: nani amemkaribisha nani, na mgeni apewe jembe siku ya ngapi.

Tuje kwenye mumiani. Neno hili lenye asili ya Kiajemi lilitaja kwanza dawa nyeusi mithili ya lami. Baadaye pwani yetu ikaamini kuwa dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya watu, na mumiani akawa ni yule anayeifyonza. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alichunguza masimulizi ya Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni, yakiwamo yale ya wazimamoto waliodaiwa kuwakamata watu na kuwatoa damu. Baadaye siasa za baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zikazoesha masikio yetu maneno mnyonyaji, kupe na mirija. Katika yote hayo mfyonza damu ni mtu wa upande wa pili: mgeni, mtawala, tajiri. Wayunani nao walifanya vivyo hivyo. Diodorus alimweka Lamia Libya, jina ambalo kwao liliitaja sehemu kubwa ya Afrika waliyoijua. Mla watoto wao alitoka kwetu. Mwanafunzi huyu alikuwa amemrudisha Lamia bara alikozaliwa, nami nikamwambia kwamba si wetu.

Hapa sina budi kumtaja nyanya yangu, mzaa mama, aliyeishi Mombasa. Nyanya alikuwa kiti. Msomaji wa pwani hahitaji ufafanuzi. Kwa wengine, kiti ni mtu ambaye pepo humpanda kichwani na kusema kwa kinywa chake. Nilipokuwa na umri wa miaka kama kumi niliwaambia wenzangu wa shule kwamba nyanya ni mgonjwa, na siku za ngoma nililala kwa jirani. Miaka mingi baadaye, katika tasnifu yangu ya uzamifu, niliandika kurasa kadhaa kuhusu pepo kwa kuwanukuu wanaanthropolojia. Nyanya sikumtaja hata katika shukurani.

Lakini ni nyanya aliyenipa kipimo cha kuisomea hadithi ile. Philostratus anasimulia jinsi mwanafalsafa Apollonius alivyomgundua lamia aliyekuwa karibu kuolewa na kijana mmoja wa Korintho akikusudia kumla. Alipotajwa alivyo, lamia akakiri, na karamu yake yote ikatoweka. Kwa Wayunani, kumtaja ni kumwangamiza. Pwani, mganga humuuliza pepo jina lake, kabila lake na analotaka. Kwa pepo wa aina hii jibu ndilo mwanzo wa mapatano: atapewa ubani, kitambaa au ngoma, naye atamwacha kiti wake afanye kazi na kulea. Mara nyingi hatolewi, huwekewa masharti. Octavia Butler, katika hadithi yake “Bloodchild” ya mwaka 1984, aliwapatanisha wanadamu na viumbe wanaotaga mayai katika miili yao, na wasomaji wengi walilistaajabia wazo hilo. Nyanya asingelistaajabia.

Fasihi yetu nayo imekwisha kufika angani. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa kwa chombo na kufika kwenye sayari yenye jamii ya haki. Jina la sayari hiyo likikatwa vizuri husomeka “wale ni sisi”. Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alijua gharama ya sentensi hiyo. Sebule ya mwanafunzi wangu inasema jambo lilelile kwa upande wa uchungu: kimelea kutoka mbali kimefika, na nyumba kilimofikia ni yangu.

Hadithi ile ina kasoro, nami ningeitaja kama ningekuwa nimevaa macho yangu. Mwishoni askari wanakuja na moto, Walamia wanateketea pamoja na wenyeji wao, na hakuna aliyewauliza wametaka nini. Lamia alikuwa mama aliyefiwa kabla ya kuwa zimwi. Hapo ndipo mwandishi alipomwacha Myunani na pwani kwa pamoja, akamfuata mtengeneza filamu. Hilo ndilo lililostahili wino mwekundu.

Niliwaandikia wasomaji wenzangu kuyafuta maneno yangu, lakini mwandishi alikuwa amekwisha kuiondoa hadithi yake na kuwasilisha nyingine, safi na salama, kuhusu harusi. Nilimwita ofisini, nikamwomba radhi, nikamsimulia habari za nyanya, ambazo sikuwa nimepata kumsimulia mtu yeyote chuoni. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: “Mwalimu, pepo wa nyanya alikuwa wa kabila gani, na alitaka nini?”

Nilimjibu kwamba sijui, kwa kuwa usiku wa ngoma nilikuwa kwa jirani. Hadithi yake bado iko nami. Nimemwomba aichukue na kuiandika upya kuanzia pale askari wanapofika. Bado hajaniambia kama atafanya hivyo.