Barua ya Shangazi

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Ndugu msomaji, methali hii nimeiandika katika insha tangu shule ya msingi. Maana yake niliipata likizo ya Aprili mwaka jana, nyumbani kwetu Wamunyu.

Babu yangu alikuwa mchongaji, kama wazee wengi wa kwetu. Kwa twiga na ndovu wa mbao alinunua shamba la ekari nane. Shangazi, aliyeachwa na mumewe akarudi nyumbani na watoto wawili, ndiye aliyevipiga msasa vinyago hivyo na kuvipaka rangi ya viatu hadi ving'ae. Ndiye pia aliyemwuguza Babu hadi akatuaga.

Baada ya matanga, Baba na ami zangu wawili walipeleka orodha ya warithi kwa chifu. Majina matatu tu! "Mwanamke ni wa kuolewa, shamba la nini?" wakasema. Baba alikuwa ameniahidi kuuza kipande cha fungu lake nipate karo. Basi nami nikanyamaza jii.

Kumbe Shangazi hakulala. Alipanda matatu mpaka Machakos, akamwona wakili anayesaidia wasio na pesa. Wiki chache baadaye akaletewa barua. Kwa kuwa masomo aliyaachia darasa la pili, akaniita jikoni nimsomee.

Barua ilieleza kuwa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haimbagui mtoto wa kike. Ikataja kesi ya Rono, ambapo Mahakama Kuu iliwapa wana ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5, na Mahakama ya Rufaa ikaipangua hukumu hiyo mwaka 2005. Ikataja pia Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010, kinachokataza ubaguzi. Mwisho ikasema: ombi la ndugu zako limekwisha kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Una siku 30 tu za kupinga.

Hapo nikasita. Ekari nane kwa watu watatu, au kwa wanne? Niliiona karo yangu ikiyeyuka. Nikaikunja barua kabla ya kuyasoma maneno hayo ya mwisho.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, Shangazi."

"Asante, mwanangu." Akanimiminia uji.

Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi. Alfajiri nilimkuta akikama mbuzi.

"Shangazi, jana kuna mahali niliruka."

Nikamsomea. Aliniangalia kitambo, kisha akauliza, "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja."

Alimwachia mbuzi pale pale, akaenda kutafuta nauli.

Pingamizi lilifika mahakamani kwa wakati. Baba hakuniongelesha wiki mbili nzima. Baadaye wazee walikaa, wakili akaeleza, na orodha ikaandikwa upya: majina manne, ekari mbili mbili. Baba hakuuza shamba, aliuza ng'ombe. Mimi nilirudi shuleni nikiwa nimechelewa wiki tatu.

Wanachama wenzangu, sisi husoma ili tupite mtihani. Lakini huko kwetu vijijini wapo watu wanaotegemea macho yetu kuijua haki yao. Siku utakapoitwa jikoni kusoma barua, tafadhali, isome yote.